Baridi ya Bondeni na Hatia ya Anyamazaye

Sisi tukaao katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, upande wa Njombe na Makete, twaijua baridi kama mtu amjuavyo jirani yake mkali. Huja mwezi wa sita, hukaa mwezi wa saba, na mara nyingine, tukidhani imekwisha kwenda zake, hurudi ghafula mwezi wa nane ikatukuta tumekwisha kupanda vinyungu vyetu mabondeni. Hapo ndipo hasara ilipo kubwa. Maana baridi ijayo kwa wakati wake hutukuta tumejiandaa. Lakini ile irudiyo nyuma hukuta viazi vimechipua, maharage yana majani mawili matatu, na mkulima ameimaliza mbegu yake yote.

Ndugu wasomaji, leo hatutaki kuieleza baridi peke yake. Twataka kuuliza neno lililotusumbua kwa muda mrefu, nalo ni hili: Mtu aijuaye sababu ya msiba, kisha akanyamaza wakati mwenziwe asiye na kosa anaposhtakiwa kwa msiba huo, je, ana hatia? Au tuseme yeye ni mtazamaji tu, asiye na lawama, kwa kuwa hakusema uongo wala hakuinua mkono?

Twauliza kwa sababu jambo hili lilitupata sisi wenyewe, wala si vema kulificha.

Katika kijiji kimoja tulichofundisha, ambacho hatutakitaja, upepo wa kusini ulivuma siku tatu. Mabati yalilia usiku na mchana, na watoto walikuja shuleni wamejitanda kanga za mama zao. Siku ya nne jioni upepo ukatulia, mawingu yakaondoka, nyota zikaonekana nyingi na karibu. Watu wakashukuru, wakasema, "Afadhali, sasa imekwisha." Kumbe ulikuwa ndio mwanzo. Asubuhi bonde lote lilikuwa jeupe kwa sakitu. Jua lilipopanda, weupe ule ukayeyuka, na majani ya viazi yakawa meusi kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto. Likafa shamba la huyu na la yule, hata shamba la kanisa tulilolilima kwa mikono ya wote. Likasalia moja tu lililo kijani: shamba dogo la bibi mmoja mjane, lililokuwa juu kidogo ubavuni mwa kilima.

Basi maneno yakaanza. Kwanza yalinenwa kisimani, kisha penye kinu cha kusaga, kisha mlangoni pa kanisa. Mtu akiuliza ushahidi uko wapi, alijibiwa kwa methali: Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo ni ya kweli kwa namna ya kutisha, maana neno la uongo likisemwa sana huja kweli. Haliji kwa sababu lilikuwapo, ila kwa sababu sisi tumelijengea njia.

Siku ya baraza wazee walikutana. Wengine walisema bibi yule ana dawa. Wengine, waliojiona wana imani zaidi, walisema hawasadiki dawa, ila Mungu amelipiga bonde zima kwa kuwa kijiji kimemvumilia mtu mwovu. Wote hao hawakuwa wageni kwa Neno la Mungu. Tulikuwa tumeketi pamoja nao katika Meza ya Bwana Jumapili iliyotangulia. Bibi akasimama, akasema, "Wanangu, mimi nimelima kama ninyi. Kama shambani mwangu mna kitu, njoni mchimbe mkione." Kisha akatugeukia, akasema, "Mwalimu, wewe umesoma. Waambie."

Nasi tulijua. Siku chache tu kabla ya hapo tulikuwa tumewafundisha watoto wa darasa la saba jinsi hewa baridi ilivyo nzito kuliko hewa ya moto. Lakini tulikuwa wageni mahali pale, na nyumba tuliyokaa ilikuwa ya kijiji. Tukaogopa kuambiwa kwamba twamtetea mchawi. Tukajibu, "Bibi, mambo haya ni mazito, tuwaachie wazee." Akatutazama, kisha akaketi.

Hakuna aliyempiga. Hakuna aliyemwambia, Toka. Ila alipofika kisimani wanawake waliondoka, na alipoketi kanisani benchi lilibaki tupu kushoto na kulia kwake. Baada ya majuma machache alifunga mizigo yake akaenda kwa ndugu yake, katika kijiji kingine, mwendo wa siku moja kwa miguu.

Sasa na tuyaseme yale ambayo tulipaswa kuyasema siku ile.

Upepo ule hauzaliwi katika milima yetu. Mbali sana, katika bahari kuu zilizo kusini mwa Afrika ya Kusini, hewa baridi hutoka pande za ncha ya kusini ya dunia, ikasonga mbele kama ukuta utembeao. Ukuta huo ukipita, nyuma yake hufuata hewa nzito na baridi. Na sehemu ya hewa hiyo husukumwa kaskazini kwa njia ya mlango wa bahari ulio kati ya Msumbiji na Madagaska, mpaka ikafika kwetu. Ikianza kupanda milima huzidi kupoa, maana kwa kadiri tupandavyo mita 1,000, joto hupungua nyuzi sita hivi. Ndiyo maana mtu wa Dar es Salaam hutokwa jasho siku ileile ambayo mtu wa nyanda za Kitulo, zilizo juu ya bahari kwa mita 2,600 hivi, huvaa makoti mawili.

Lakini upepo wenyewe, ijapokuwa twaulalamikia, si huo uuao viazi. Usiku ardhi hutoa joto lililoingia mchana, nalo hupanda kwenda mbinguni. Kukiwa na mawingu, mawingu hayo ni kama blanketi. Huzuia joto lisipotee lote. Kukiwa na upepo, upepo huikoroga hewa, ukaichanganya ile ya juu yenye joto kidogo na ile ya chini iliyopoa, kama mpishi akorogavyo uji usiungue chini. Bali upepo ukitulia na mbingu zikatakata, ardhi hupoa upesi, na hewa iigusayo hupoa pamoja nayo. Hewa iliyopoa ni nzito. Basi huteremka kilima polepole kama maji, ikajikusanya bondeni, ikatuama humo kama bwawa lisiloonekana kwa macho. Kilichomo ndani ya bwawa hilo huganda; kilicho juu ya ukingo wake husalimika.

Haya ndiyo yote. Shamba la bibi lilikuwa juu ya ukingo wa bwawa la baridi, na mashamba yetu yalikuwa ndani yake. Marehemu mume wake alimwachia shamba la ubavuni kwa kuwa lile la bondeni lenye rutuba walilichukua ndugu zake wa kiume. Kwa hiyo kile walichomwonea wivu ndicho kilekile walichomwachia kwa kukidharau.

Huenda msomaji atasema, "Mwalimu, ukieleza hivi wamwondoa Mungu katika mambo yake. Je, Zaburi hazitufundishi kwamba sakitu ni kazi ya mkono wake?" Twaamini hivyo kwa moyo wote. Lakini mtu akikuambia kwamba barua uliyopewa ililetwa na tarishi, akakuonyesha na njia aliyoipita, hakukuambia kwamba haikuandikwa na mtu. Kuijua njia ya upepo si kumkana aliyeuumba. Kinyume chake, mtu asiyetaka kuijua njia hiyo, akakimbilia kuweka jina la jirani yake mahali palipo wazi, ndiye aliyemwondoa Mungu na kumweka mwanadamu.

Tena tuyakumbuke Maandiko yenyewe. Ulikuwa upepo mkubwa utokao jangwani uliowaua watoto wa Ayubu nyumbani mwa kaka yao. Wakaja rafiki zake, wakaketi naye siku saba bila kunena, na hapo walifanya vema. Walipofumbua vinywa walianza kutafuta kosa lake, na mwisho wa kitabu ghadhabu ya Mungu iliwaka juu yao, si juu ya Ayubu. Na Bwana wetu, alipotajiwa habari za msiba, aliwakumbusha watu wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakataa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu. Akiulizwa pia juu ya mtu aliyezaliwa kipofu, ni nani aliyetenda dhambi, alilikataa swali lenyewe. Wanafunzi waliuliza, Nani? Yeye akamfumbua macho.

Wako na wengine wasemao, "Mambo haya ni ya watu wa milimani wasiosoma, mataifa yaliyotuletea Injili hayakuwa hivyo." Nao wamekosea, na yafaa tuwaambie habari ya Ujerumani. Katika nchi ya Franconia, yenye vilima na mashamba mengi ya mizabibu, mwisho wa mwezi wa Mei mwaka 1626, wakati ambapo majani yamekwisha kuchipua na kila mtu anadhani baridi imepita, sakitu kali ilirudi kwa siku chache. Iliua mizabibu, ikaua na nafaka mashambani. Watu wakauliza, Nani? Na katika mji wa Bamberg, uliotawaliwa na askofu, katika miaka ya 1626 hata 1631 watu kwa mamia walishikwa, wakateswa mpaka wakakiri uchawi, wakauawa. Walikuwamo wanawake maskini, na walikuwamo wakubwa pia. Mmoja wao alikuwa Johannes Junius, aliyekuwa meya wa mji. Mwezi wa Julai mwaka 1628, mikono yake ikiwa imeharibiwa kwa mateso, alimwandikia binti yake Veronika barua ya siri, akamweleza kwamba hana kosa, na kwamba yote aliyoyakiri aliyatunga ili mateso yakome. Mwezi uliofuata aliuawa.

Watu wale walikuwa na makanisa, vyuo, mahakimu na vitabu. Kusoma kwao hakukuwaokoa, maana elimu ikikaa kifuani mwa wanaoogopa haina nguvu kuliko taa iliyofunikwa pishi. Lakini hakukosekana aliyenena. Mwaka 1631 kilitolewa kitabu kwa Kilatini, bila jina la mwandishi, kilichoonyesha kwamba mateso humfanya mtu yeyote kuwa mchawi, kwa kuwa asiye na kosa naye atakiri. Aliyekiandika ni padre Friedrich Spee wa shirika la Wayesuiti. Aliogopa, kwani hakuliweka jina lake; lakini hofu yake haikumzuia kuandika. Hapo ndipo tulipojiona wadogo. Sisi tuliombwa neno moja tu, katika baraza la wazee kumi na wawili, na hakuna aliyetutisha kwa moto.

Basi turudi kwenye swali letu. Je, anyamazaye ana hatia?

Watu waliokuwapo katika habari hii ni wa namna tatu. Wa kwanza ni yule aliyeutunga uongo kwa sababu ya wivu. Hatia yake iko wazi. Wa pili ni yule aliyeusadiki kwa sababu hakujua. Amekosa, maana alipaswa kuuliza kabla ya kuhukumu, lakini kosa lake lina udhuru kidogo. Amelala njaa, watoto wake wanalia, naye anatafuta mahali pa kuuweka uchungu wake. Wa tatu ni yule aliyejua akanyamaza. Mara nyingi twamhesabu huyu kuwa mwema kuliko wote, kwa sababu hakutoa sauti. Nasi twasema, katika jambo moja yeye ndiye mwenye deni kubwa kuliko wote: wa pili hangeweza kuuzima moto, kwa kuwa hakuwa na maji, wa tatu alisimama na mtungi kichwani. Mtume Yakobo naye ahesabu kuwa ni dhambi mtu kuujua wema asiutende.

Yuko atakayejitetea akisema, "Hata ningalisema, wasingalinisikia." Udhuru huu tuliutumia sisi kwa muda wa mwaka mzima, nao ulitulaza usingizi usiku mwingi. Lakini hauna mguu wa kusimamia. Mosi, hatukujaribu, basi tulijuaje? Pili, bibi hakutuomba tushinde baraza, alituomba tuseme. Kama sauti moja tu ingalisimama upande wake, labda angaliondoka vilevile, ila asingaliondoka akidhani kwamba kijiji kizima, pamoja na mwalimu wake, kilimsadiki kuwa muuaji wa viazi.

Mwingine atasema, "Mwalimu si mzee wa kijiji, ni adabu anyamaze mbele ya wakubwa." Adabu ni kitu chema, nasi hatuitupi. Lakini adabu ni namna ya kusema, wala si ruhusa ya kutokusema. Kijana aweza kupiga magoti mbele ya wazee, akawaita baba zake, akaomba ruhusa, kisha akanena kweli. Asiye na adabu ni yule anenaye ili awaaibishe. Na anyamazaye huku nyumba ya mama yake inaungua hawezi kusema kwamba alikuwa akiwaheshimu wakubwa.

Mwaka uliofuata, mwezi uleule wa nane, upepo wa kusini ulivuma tena, kisha ukatulia, na nyota zikatoka. Jioni ile tuliwaendea wazee, tukawaomba radhi, tukawaomba watutume kufanya jambo dogo. Tulichukua mabakuli mawili ya bati yaliyo sawa, tukayatia maji ya kisima kimoja kwa kipimo kimoja. Moja tuliliweka bondeni, moja katika shamba la bibi lililokuwa limeota magugu. Mzee mmoja, yeye aliyenena kwa ukali kuliko wote mwaka ule, ndiye aliyeyaweka kwa mikono yake mwenyewe. Alfajiri tulikwenda pamoja. Bakuli la bondeni lilikuwa na utando wa barafu juu yake kama kioo. La juu lilikuwa na maji matupu. Mzee akatia kidole katika hili, akatia katika lile. Akasimama kimya kitambo kirefu, kisha akasema, "Basi tumemkosea mama yetu."

Siku ya tatu yake wazee wawili nasi tulikwenda kwa bibi. Alitukaribisha, akatupa uji, akasikiliza habari yote ya mabakuli. Mwisho akasema, "Nimewasamehe, wanangu, nami nitarudi kulima. Lakini maji hayo yalikuwapo kisimani hata mwaka jana." Hatukuwa na jibu. Majuto ni mjukuu, huja baadaye. Lakini kwetu alikuja akatukuta bado tuna kazi ya kufanya, na kwa hilo twashukuru.

Tangu siku ile kijijini pale watu wamejifunza mambo machache, nasi twayaandika kwa faida ya wengine wakaao milimani. Jioni za mwezi wa saba na wa nane, upepo ukitulia ghafula na mbingu zikiwa safi, wajue kwamba huo ndio usiku wa hatari, na miche wajaribu kuifunika nyasi kavu kabla ya jua kuzama. Udongo wenye unyevu hutunza joto la mchana kuliko udongo mkavu. Basi ni vema kumwagilia mapema. Ua mnene uliopandwa kukingama mteremko, chini ya shamba, huzuia baridi isiteremke, ikatuama shambani kama maji nyuma ya boma. Afadhali kuuachia nafasi ipitie. Na mwenye shamba bondeni, akipata hata kipande kidogo ubavuni, apande huko sehemu ya mbegu yake, ili usiku mmoja usimmalizie yote.

Pamoja na hayo liko moja lililo kubwa. Baridi isiyo na mkosaji haituondolei wajibu, yatuongezea. Maana ikiwa jirani yangu hakusalimika kwa uchawi, wala mimi sikupigwa kwa dhambi, basi kilichobaki kati yetu ni viazi vyake vilivyo hai na shamba langu lililokufa, na swali la nani atamwazima nani mbegu. Hilo swali la Nani, na tuliulize kila mwaka. Lile jingine tuliache.

Na wewe msomaji, labda hukai penye sakitu. Lakini mahali ulipo pana mtoto aliyeugua, au ng'ombe aliyekufa, au radi iliyopiga nyumba, na liko jina la mtu linalotembea kutoka kinywa hata kinywa. Ukiijua sababu ya kweli ya msiba ule, usingoje mwaka wa pili. Ombeni ruhusa kwa adabu, simameni, mkaseme.